Vyungu Viwili vya Kisoko

Wako watu wanaodhani kwamba kuonja pombe ni sawa na kuinywa, na kwamba aijuaye pombe nzuri ni yule awezaye kunywa nyingi bila kuanguka. Huko Kisoko, katika wilaya ya Tororo, mashariki ya Uganda, si mbali na mpaka wa Kenya, dhana hiyo haikubaliki. Hapo pombe ya wimbi, au ulezi kama wasemavyo wengi wa Tanzania, huonjwa kwanza na kunywewa baadaye, na kazi hizo mbili si lazima zifanywe na mtu mmoja. Mwonjaji huvuta mafunda matatu au manne, hutamka hukumu yake, na pengine huinuka akaenda zake nyumbani.

Pombe yenyewe ina majina mengi kuliko vyungu vyake. Wapadhola, ambao ndio wenyeji wa Kisoko, huiita kongo. Majirani zao Wateso, wanaoishi pande zote mbili za mpaka, huiita ajon. Katika masoko ya Uganda jina linaloeleweka na kila mtu ni malwa. Ukivuka kuingia Busia ya Kenya utasikia zaidi habari za busaa, ambayo ni ndugu yake wa karibu, lakini hiyo aghalabu huchujwa na kunywewa kwa kikombe.

Ili mtu aelewe mwonjaji anatafuta nini, yafaa kwanza ajue pombe hii inavyotengenezwa, maana kila hatua huacha alama yake katika ladha. Unga wa wimbi, pengine ukichanganywa na wa mtama, mahindi au muhogo, hukandwa kwa maji machache, ukafunikwa shimoni au ndani ya pipa kwa muda wa wiki moja hivi hadi uchachuke. Kisha huja kazi ngumu kuliko zote, ambayo ni kukaanga. Unga ule uliochachuka humwagwa juu ya bati pana lililowekwa kwenye moto wa kuni, na mama wa nyumbani huugeuza bila kupumzika, moshi ukimwingia machoni, mpaka ugeuke rangi ya udongo na kuwa chengachenga. Ukianikwa juani ukakauka sawasawa, waweza kuwekwa akiba kwa miezi.

Siku ya kupika inapokaribia, chenga hizo hulowekwa pamoja na kimea. Kimea ni wimbi lililolowekwa, likaachwa lichipue, likakaushwa na kusagwa. Ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari, na hamira ya asili huigeuza sukari hiyo kuwa kileo. Wakati huohuo bakteria wa uchachu, walewale wa jamii ya wale wanaogandisha maziwa, hutia ule ukali unaochangamsha ulimi. Baada ya siku tatu hivi, uji huo mzito hutiwa chunguni, hukorogwa kwa maji ya moto, na wanywaji huketi kuuzunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio kidogo kilichosukwa mwishoni ili machicha yasipande. Desturi hiyo ya mirija ni ya kale kupita kiasi. Mihuri ya Mesopotamia ya miaka ipatayo 4,500 iliyopita ina michoro ya watu walioketi vivyo hivyo kando ya mtungi.

Sasa ndipo ije habari ya vyungu viwili.

Jumamosi moja ya mwezi wa Desemba, mama mmoja wa Kisoko, mjane anayesomesha watoto kwa pombe yake, alimwita kaka yake aje aonje kabla wateja hawajafika. Kaka huyo ni mzee ambaye kwa miaka mingi ameitwa katika nyumba za watu kuonja pombe ya arusi na ya matanga. Siku hiyo alikuwapo pia kijana wa mama huyo, ambaye ni mhudumu wa hoteli huko Kampala, naye alikuwa amekuja likizo na chupa moja mkobani. Ilikuwa bia ya mojawapo ya viwanda vidogo ambavyo siku hizi vimeota katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki, vinavyopika bia kidogo kidogo kwa namna za Ulaya na Marekani. Karatasi ya chupa ilisema ina kileo cha asilimia 7.5, ilhali bia ya kawaida ya madukani huwa na asilimia 4 au 5.

“Mjomba, kabla ya chungu nionjee hii,” alisema kijana.

Mzee hakuikataa. Aliomba kikombe cha bati cheupe kwa ndani, kwa kuwa rangi huonekana vizuri humo, akamimina taratibu, akaitazama kwenye mwanga. Aliinusa mara tatu, akavuta funda dogo, akalishika mdomoni huku ametazama chini. Kijana akauliza ameionaje.

“Ngoja, mwanangu. Bado haijafika kooni.”

Alipokwisha kumeza, akanyamaza tena kitambo. Hatimaye akasema kwamba harufu yake ni ya ganda la chungwa lililominywa, pamoja na utomvu wa msonobari. Utamu upo, lakini umelala chini. Uchungu unakuja nyuma, baada ya kumeza, nao ukishakuja hauondoki upesi. “Aliyeipika anajua kazi,” alisema. “Hakuna kilichoharibika humu. Lakini nimetafuta nafaka, sijaiona.”

Mtu ambaye hajawahi kuinywa bia ya namna hiyo maishani mwake alikuwa ametaja kasoro ambayo hata mafundi wa bia wa ng'ambo huigombania. Uchungu na harufu ile hutoka katika hopsi, maua ya mmea utambaao unaostawi katika nchi za baridi zenye siku ndefu za kiangazi. Barani Afrika hopsi hulimwa hasa karibu na mji wa George, Afrika Kusini, na wapika bia wa kwetu hawana budi kuziagiza kutoka nje. Kazi yake si ladha tu, bali pia huzuia bia isiharibike, na kwa sababu hiyo Waingereza walizitia kwa wingi katika bia iliyosafirishwa kwa merikebu hadi India. Huko Bavaria, katika Ujerumani, amri ya mwaka 1516 iliagiza bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Mpikaji wa leo akizidisha hopsi kwa kutaka sifa, nafaka hupotea chini yake.

Pombe ya wimbi haina hopsi, na ndiyo sababu haikai siku nyingi, lakini isidhaniwe kwamba haina uchungu. Uchungu wake hutoka katika tanini iliyomo kwenye ganda la wimbi jekundu na la mtama mwekundu, ule ambao hata ndege huuacha shambani, na hutoka pia katika kule kukaangwa. Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Kiwanda cha Nile Breweries cha Jinja kilipoanza mwaka 2002 kuuza bia ya mtama iitwayo Eagle, kilitumia mtama mweupe wa aina ya epuripur kwa kuwa una tanini kidogo. Kwa hiyo kiwanda huukwepa uchungu wa nafaka shambani, kisha hununua uchungu mwingine kutoka ng'ambo. Bia ile iliwapa wakulima wengi soko, na hilo halipingwi, ila mzee wa Kisoko angelicheka.

Kijana naye alikuwa na jambo la kueleza. Alisema kwamba hotelini alifundishwa karatasi ya alama itumiwayo katika mashindano ya wapika bia wa Marekani. Alama zote ni 50. Harufu hupewa 12, sura 3, ladha 20, uzito wa kinywaji mdomoni 5, na maoni ya jumla 10.

“Na nguvu je?” aliuliza mama yake, ambaye mpaka hapo alikuwa akichochea moto bila kusema neno.

“Nguvu haina alama yake, mama. Kileo kikizidi kikaunguza koo pasipo sababu, alama hupungua.”

Mama alimtazama kaka yake, kisha akaviweka mbele yao vyungu viwili. “Kaka, onja hivi. Usiniulize kipi ni kipi.”

Swali la mama huyo halikuwa la mchezo. Tangu katikati ya mwaka nyumba mbili za jirani zilikuwa zimeanza kutia sukari na hamira ya dukani katika pombe zao, nazo zilikuwa zikiuza chungu chote kabla jua halijachwa. Wateja wake, hasa vijana wa pikipiki, walikuwa wanamwambia wazi kwamba yake haipigi. Kufikia mwezi huo alikuwa na deni la ada ya binti yake wa mwisho, na shule ilikuwa imekwisha kusema kwamba binti hatapokewa Februari pasipo malipo. Kwa hiyo alipika chungu kimoja kwa namna aliyofundishwa na mama yake, na kingine akakitia kilo mbili za sukari.

Mzee alianza kwa macho. Katika chungu cha kwanza povu lilikuwa dogo na limekatikakatika. Katika cha pili lilijaa na kung'aa, na hapo hapo akakipa cha pili sifa ya uzuri. Kisha akainama kunusa. Cha kwanza kilitoa harufu ya nafaka iliyokaangwa, na ya uchachu wa maziwa mala kwa mbali, lakini pia moshi.

“Dada, kuni zako zilikuwa mbichi,” alisema.

“Mvua, kaka. Ningefanyaje?”

“Sikulaumu. Nasema ninachonusa.”

Cha pili kilinukia donge la mkate ambalo halijaokwa. Akavuta mrija. Funda la chungu cha kwanza alilizungusha kinywani. Ukali ulikuja mwanzo, utamu wa kimea ukafuata, na uchungu wa wimbi ukabaki pembeni mwa ulimi bila kugandamana. Cha pili kilikuwa kitamu mwanzoni, kisha chepesi kama maji, kisha moto ukashuka kifuani. Alirudia mara mbili, akasema kwamba hiki kina mlango na hakina nyumba.

Lakini kipimo alichokuwa akikingoja ni cha maji. Chungu cha malwa huongezwa maji ya moto kadiri kinavyopungua, na hapo ndipo nafaka hujulikana, maana kimea kizuri huendelea kutoa ladha hata baada ya maji ya pili na ya tatu. Mama alipomimina maji ya moto katika chungu cha sukari, mvuke wa kileo ulipanda mpaka kijana akageuza uso. Maji ya tatu yalipotiwa, chungu hicho hakikuwa na kitu ila joto. Cha kwanza, kwa maji yale yale ya tatu, bado kilikuwa wimbi. Kilikuwa chembamba, ni kweli, lakini mtu angeweza kukinywa akiwa amefumba macho akajua amepewa nini.

Kijana alichukua kipande cha karatasi wakahesabu pamoja. Chungu cha kwanza kilipata harufu 9, sura 2, ladha 16, uzito mdomoni 4 na jumla 7, yaani 38 katika 50. Cha pili kilipata harufu 4, sura 3 kamili, ladha 8, uzito 2 na jumla 4, yaani 21. Ile chupa ya Kampala mzee aliipa 36, akasisitiza kwamba ni nzuri kwa mtu mmoja aliyeketi peke yake jioni, ila haiwezi kukaliwa na watu kumi mchana kutwa wakizungumza habari za mpaka wa shamba. Yaonekana hapo alikuwa akipima jambo ambalo karatasi ya Marekani haikuliwekea nafasi. Msomaji anayedhani kwamba mzee alimpendelea dada yake na akumbuke habari ya kuni.

Kabla ya kuendelea na yaliyotokea alasiri, yafaa akina mama wanaopika wafahamu mahali ambapo ulimi, hata wa mzee huyo, hauna msaada wowote. Sukari na hamira si sumu. Hatari huanza pale mpikaji anapoona kwamba sukari haitoshi, akanunua dumu la waragi, ile ambayo Kenya huitwa chang'aa na Tanzania gongo, akaitia chunguni ili ipige zaidi. Waragi isiyojulikana ilikotoka yaweza kuwa imechanganywa na methanoli, kileo cha viwandani kinachopofusha na kuua, na methanoli haitambulikani kwa kuonja wala kwa kunusa. Mwaka 2010 makumi ya watu walikufa huko Kabale, kusini magharibi ya Uganda, kwa pombe kali yenye sumu hiyo. Mei 2014 msiba kama huo uliua makumi ya watu katika sehemu mbalimbali za Kenya. Kenya ilikuwa imepiga marufuku chang'aa kwa sheria ya mwaka 1980, ikaifuta sheria hiyo mwaka 2010 ili pombe hiyo itengenezwe kwa leseni na kwa vipimo, na bado msiba wa 2014 ukatokea. Anayeanza kununua nguvu kwa dumu hana njia ya kujua amenunua nini.

Vyombo pia vichungwe. Pipa lililowahi kubeba dawa ya pamba au mafuta halifai hata likioshwa mara kumi. Kimea chenye ukungu kitupwe, maana kukaanga hakuondoi sumu ya ukungu yote. Na mrija wa mtu uwe wake mwenyewe. Serikali ya Uganda ilipofunga vilabu vya pombe Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, vikakaa vimefungwa mpaka Januari 2022, wengi walipata kufikiri kwa mara ya kwanza juu ya mrija unaopita vinywa sita. Kifua kikuu kilikuwapo kabla ya korona na kingalipo.

Wateja walianza kufika saa nane. Mama aliwaambia kweli kila alipoulizwa, kwamba chungu hiki ni cha kimea na kile kina sukari. Vijana wa pikipiki walikaa kwenye cha sukari, na kufikia saa kumi kilikuwa kimekauka, fedha mkononi. Kwenye cha kimea walikaa wazee watano na wanawake wawili waliotoka sokoni. Hawakuwa na haraka. Desturi zao walizishika: hakuna aliyepuliza mrija kutoa mapovu, na mkwe mmoja alipofika akamkuta mama mkwe wake ameketi, alisalimu kwa mbali akaenda kukaa kwenye kivuli cha mwembe mpaka mama yule alipoondoka. Waliomba maji mara nne. Giza lilipoingia, chungu kilikuwa na robo yake bado, na robo hiyo isingefaa kuuzwa Jumatatu.

Usiku mama alihesabu fedha mbele ya mwanawe. Chungu cha sukari kilikuwa kimemletea karibu mara mbili ya kile kingine, hata baada ya kutoa bei ya sukari. Kijana alikaa kimya. Mzee, ambaye alikuwa amerudi kuchukua kofia yake aliyoisahau, aliuliza, “Sasa, dada, utapika kipi?”

“Wewe umekipa thelathini na nane, kaka. Shule haikutia alama.”

“Ni kweli.”

“Lakini wale wazee wamesema watakuja tena Jumamosi, na watamleta mwenye arusi ya Mulanda aonje. Anataka vyungu kumi na viwili.”

“Huyo mwenye arusi akija, uniite,” alisema mzee, akavaa kofia yake.

Wiki iliyofuata mama alipika vyungu vitatu, viwili vya kimea na kimoja cha sukari, na hicho cha sukari akakifunga uzi mwekundu shingoni ili mtu yeyote asikosee. Kuni alinunua kavu.